Siku niliyojaza petroli kwenye jiko la mafuta ya taa, Kirumba

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Mimi ni wa darasa la saba na naandika taratibu, mnivumilie. Sitaongeza chumvi, maana haya niliyafanya kwa mikono yangu.

Ni miaka ya tisini. Viwanda vya minofu ya samaki vimefunguliwa Mwanza, kila mwenye mtumbwi anatafuta mashine. Nilitoka Sengerema nikawa naishi kwa kaka, Kirumba, chumba kimoja na pazia. Kaka aliendesha mashine ya mtumbwi wa tajiri mmoja.

Petroli ya mashine ililala ndani, uvunguni. Ukiiacha mwaloni, kule mitumbwi inakoegeshwa, inaibiwa. Nyumba nyingi zilikuwa hivyo.

Mafuta ya taa yalikaa mlangoni. Madumu yote mawili ya njano, yamefanana kabisa.

Asubuhi hiyo kaka alitoa dumu la petroli akaliweka mlangoni, la mafuta ya taa akalisukuma nyuma ya ndoo. Akaitwa haraka, akaondoka bila dumu.

Shemeji, mke wa kaka, akaniambia, "Bwana mdogo, jaza jiko, Neema anataka uji." Neema alikuwa mgongoni kwake, hajatimiza mwaka.

Nikachukua dumu la mlangoni, nikajaza. Harufu ikanipanda puani tofauti na siku zote. Matone niliyomwaga sakafuni yakakauka hapo hapo. Mafuta ya taa huacha doa.

Wakuu, hapa ndipo pananiuma. Nilishtuka, lakini niliona aibu kusema. Nitachekwa kwamba hata madumu siyajui.

"Umejaza au umelala?"

"Nimejaza."

Shemeji akachukua kiberiti, njiti ya kwanza ikavunjika. Nikasema, "Shemeji, subiri," lakini sauti ilikuwa ya kujisemea.

"Ongea kwa sauti, kwani umekuja kuposa?" Akacheka, akawasha ya pili.

Moto ulilipuka hadi kwenye pazia. Kanga yake ikashika kwa mbele. "Mayo wee!"

Nilifungua fundo la mbeleko, nikamtoa Neema nje. Kisha nikakimbilia ndoo ya maji. Jirani, Mama Kulwa, akanipiga kikumbo: "Si maji! Utaueneza!" Akamfunika shemeji kwa blanketi bichi alilokuwa analifua, majirani wengine wakazima jiko na pazia kwa mchanga.

Neema hakuguswa. Shemeji aliungua mkono na tumbo.

Kaka aliporudi tulikuwa tumeshatoka hospitali. Akauliza nani alijaza jiko.

"Mimi," shemeji akajibu.

Kaka akaanza kumfokea, mwanamke gani huyu, ungeniulia mtoto. Shemeji kainama, bandeji hadi kwenye kiwiko, hanitazami kabisa.

Nikasimama. "Kaka, ni mimi. Na nilisikia harufu nikanyamaza."

Ile sauti ilitoka hadi Mama Kulwa akachungulia.

Kaka hakunipiga. Alikaa kitandani, akasema, "Nani aliliacha dumu mlangoni?" Akamsogelea mkewe, akamwomba radhi mbele yangu.

Kwangu funzo ni hili: petroli isilale na watu, na ukihisi kitu hakiko sawa, piga kelele hata kama utachekwa.

Nyie wenye jenereta na bodaboda, petroli mnaiweka wapi? Semeni ukweli, tusichekane.