Damaris na Jani Jekundu la Mlimani

Damaris hasahau kitu. Azima kitana chake leo, na mwakani atakuuliza mbona kilirudi na meno mawili yamevunjika. Mimi nampenda hivyo hivyo, maana nami si malaika. Siku hizi anafanya kazi hotelini hapa Doha, na kila Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya mapumziko na ibada huku, tukitoka kanisani namsumbua anisimulie tena ile habari ya mlima.

Zamani alikuwa yaya katika nyumba moja kule Umm Salal. Mwenye nyumba, Madam Hessa, alinunua kamera kubwa, akaichoka upesi, ikabaki mikononi mwa Damaris. Akajifunza kuitumia kwa kuwapiga watoto picha. Mwezi wa kumi mwaka 2014 familia ikaenda Uturuki, kwenye milima ambako majani hugeuka rangi kabla ya kupukutika. Damaris ni mtu wa Vihiga, anajua vilima, lakini msitu mzima ulioiva kama pilipili hakuwa ameuona. Madam alipanda kidogo tu, akaketi kwenye kibanda cha chai.

"Nenda wewe," akamwambia, "uniletee picha."

Damaris akapanda asubuhi nzima. Huko juu alilala kifudifudi kwenye matope ili apate jani moja jekundu, na bonde lote nyuma yake likiwa la manjano. Picha hiyo aliipenda kama mtoto wake.

Waliporudi Doha, ikakuzwa na kutundikwa ukutani sebuleni. Marafiki wa Madam, wanawake wanaotembea pamoja kwa mazoezi, wakaja kuiona. Damaris alikuwa akizungusha kahawa aliposikia Madam akijigamba: "Nilipanda mwenyewe mpaka juu. Nililala kwenye matope!"

Hata matope aliyaiba! Hapo ndipo Damaris alipoumia. Kisha Madam akamfuata jikoni na onyo: "Wakikuuliza, wewe ulibaki chini na watoto. Umeelewa?"

"Nimeelewa, madam."

Tangu siku hiyo alitaka jambo moja tu, mwanamke yule aseme kwa kinywa chake ni nani aliyepiga ile picha. Akangoja. Kila wageni walipokuja alijaza vikombe, akasikiliza mlima ukizidi kurefuka. Mwishowe wanawake wakasema, basi Hessa, msimu ujao utupeleke. Angekataaje? Hakuhangaika sana, kwani Damaris angekuwepo na watoto, amnong'oneze njia.

Mwaka uliofuata wakafika pale pale kwenye kibanda cha chai, mahali njia inapogawanyika kuwa tatu.

"Haya, tupeleke kwenye lile jani," wakasema.

Madam akamsogelea Damaris polepole. "Ni ipi?"

Damaris akapaza sauti, kila mtu asikie. "Mimi sijui, madam. Mimi nilibaki chini na watoto."

Nikifikia hapa hucheka mpaka nashika mbavu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ya Hessa iliishia kwenye zizi la ng'ombe. Wakarudi. Akachagua nyingine, wakakwama kwenye kijito, abaya zikalowa, wakarudi tena kibandani. Wanawake wakaanza kutazamana. Madam akamfinya Damaris mkono. "Nitakurudisha Kenya wewe!"

"Sawa, madam. Lakini njia siijui."

Ananiambia aliogopa, kwa sababu kazi ile ndiyo iliyowalisha watoto wake wawili nyumbani. Hata hivyo hakuonyesha njia. Mkubwa wa wale wanawake, Umm Khalid, mama asiyependa maneno mengi, ndiye aliyechoka kwanza.

"Hessa, nani alipiga ile picha?"

Madam akatazama viatu vyake. "Damaris," akasema kwa sauti ndogo.

"Sijasikia, madam," akajibu Damaris.

Jamani! Nani mwingine angethubutu?

"Ni Damaris!" Madam akapiga kelele. "Damaris ndiye aliyepanda, ndiye aliyepiga picha! Umeridhika?"

 Damaris akawaacha watoto na baba yao, aliyekuwa akinywa chai kibandani, akaichukua kamera mikononi mwa Madam, akashika njia ya tatu, wanawake wakamfuata. Njia ile ni kali. Haukupita muda, Madam akaanza kuhema nyuma yao, akiita, "Damaris, polepole! Damaris, tafadhali!"

Kila Ijumaa namwuliza kama alipunguza mwendo, naye huniangalia kama nimemtukana.