Utambi wa Jiko Kwenye Kiatu cha Baba

Baba yangu alikufa kwenye ajali ya ndege nikiwa na miaka saba, na kwa miaka arobaini na kitu mama yangu hakuweza kuamini hivyo. Mtaa haukumruhusu.

Baba alikuwa mpima barabara. Kazi ilimpeleka kusini kwa wiki kadhaa, anarudi Dar, anakaa kidogo, anaondoka tena. Asubuhi ya safari yake ya mwisho, kamba ya kiatu cha kulia ilimkatikia mlangoni pa nyumba yetu ya Mchafukoge. Mama akachukua utambi mpya wa jiko la mafuta ya taa, akaupitisha kwenye matundu ya kiatu, akakaza. Baba alinung'unika kwamba watu watamcheka. Mama, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekasirika kwa jambo ambalo hakuwahi kuniambia, akamjibu, "Basi nunua kamba huko uendako." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho.

Ndege iliyokuwa inamrudisha iligonga kilima katika mvua ya masika, mbali na barabara. Siku nyingi zilipita kabla hatujaletewa sanduku. Lilikuwa limepigiliwa misumari, na waliolileta walisema lisifunguliwe. Wanaume waliolibeba kwenda makaburini walirudi wakinong'onezana kwamba lilikuwa jepesi mno. Mama hajamaliza hata eda, habari ikaenea mpaka Kariakoo: mle ndani kulikuwa na kipande cha mgomba. Mwanaume yuko hai, kaoa kusini, ajali imempa pa kutokea.

Shuleni wenzangu waliniuliza kama mama yangu mpya ananitumia korosho. Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Mwaka wa tatu shangazi, dada yake baba wa tumbo moja, alikuja akamwambia mama kwamba kaka yake ameonekana Msimbazi akishuka kwenye basi, kanenepa, kashika mkono wa mtoto. Mama alinichukua tukaenda kusimama Msimbazi siku nne mfululizo.

"Watazame wote," aliniambia. "Wewe una macho mazuri."

Nilitazama wanaume mpaka kichwa kikaniuma. Siku ya tano shangazi alisema alikuwa anatania tu, hakujua kama mama angeliamini. Akacheka, na wanawake waliokuwepo wakacheka naye. Mama pia alicheka. Nilimwona akicheka huku ameshika ukingo wa meza.

Walikuja wachumba wawili watatu. Aliwakataa. Akiulizwa, alisema yeye ni mke wa mtu. Waliomuuliza walikuwa walewale waliomwambia mumewe yu hai, na sasa wakamwita mwendawazimu kwa kuwaamini.

Nilikua, nikaolewa, nikaachika, nikarudi kwa mama. Leo nina kiduka cha vitambaa Kariakoo, na yeye, miguu ikiwa imechoka, hashuki ngazi ila kwa sababu kubwa. Chini ya ngazi zetu, barazani, aliwahi kukaa fundi wa miavuli na zipu za mabegi. Alikuwa mzee wa kusini, mwembamba, mcheshi, amepanga chumba nyuma ya jengo. Alikuwa pale miaka sita. Nikipita namwamkia, "Shikamoo mzee," naye, "Marahaba mwanangu, mwavuli unasemaje?" Nilimpenda. Naona niliseme hilo mapema.

Siku moja kulikuwa na habari ya ndege iliyoanguka nchi ya mbali. Watu wamejaa barazani wakitazama picha kwenye simu. Nilikuwa nimeshuka na mwavuli uliovunjika ubavu. Fundi akawaambia, "Nyie mnaona kwenye simu. Mimi ndege iliyoanguka nimeishika kwa mikono hii."

Akasimulia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, kijijini kwao, mvua inanyesha, wakasikia mlio kama kilima kimepasuka. Walikuwa wa kwanza kufika, yeye na vijana wenzake. Alisimulia vizuri, lazima nikubali. Alisema mabati ya ile ndege yalifuliwa sufuria ambazo kina mama wa kijiji walizipikia miaka na miaka. Alisema bibi yake alikata kitambaa cha viti akashona mto, akawa analala kama waziri. Watu walivunjika mbavu kwa kucheka, na mimi nilicheka kidogo, kwa adabu.

"Viatu je?" mmoja akauliza. "Hamkuvaa viatu vya marehemu?"

"Mimi nilipata jozi," akasema. "Kahawia, ngozi nzuri. Ila mwenyewe alikuwa bahili! Kiatu kimoja kamba, cha pili kafunga utambi wa jiko!"

Walicheka tena. Nilimkabidhi mwavuli, nikapanda ngazi. Nilipofika juu nilikuwa sijui niseme nini, nikasema vyote kwa mara moja. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Utambi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Kumbe alikufa."

Alilisema kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Kisha akasema, "Mwambie huyo fundi aje kula Ijumaa."

Fundi alikuja baada ya sala, kanzu safi, kofia imenyooshwa. "Shikamoo mama," akasema mlangoni. Mama akaitikia, akamkaribisha mkekani, akampakulia wali na samaki wa nazi. Alikula kama mtu asiyepikiwa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Mkewe alikwisha kufa, na bintiye wa pekee aliishi Lindi. Mama alimngoja mpaka akanawa mikono.

"Utambi ulikuwa kiatu cha mguu gani?"

Fundi akacheka, akanigeukia mimi. "Kumbe mwanangu umemsimulia mama! Cha kulia."

"Aliyeufunga ni mimi," mama akasema.

Sijui kama mmewahi kuona uso wa mtu ukiishiwa damu huku chakula chenu kingali tumboni mwake. Akataka kuinuka.

"Kaa," mama akamwambia. "Alikuwa amekufa ulipomvua?"

Angeweza kusema ndiyo. Nilitamani aseme ndiyo. Nadhani alishikwa ghafla, akakosa muda wa kuutunga uongo.

"Nilipomvua, alikuwa amekufa."

"Na ulipomkuta?"

Akavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

"Ulipomkuta?"

"Alikuwa hai, mama. Miguu imebanwa na viti. Alikuwa anaomba maji."

"Ukampa?"

"Mto ulikuwa chini bondeni."

"Sijauliza mto. Ukampa?"

"Sikumpa." Alizungumza akitazama mkeka. "Niliogopa kumvua viatu mtu anayenitazama. Na nikiondoka, wenzangu wangevichukua. Basi nikakaa karibu naye. Nilikuwa nasubiri."

"Ulisubiri muda gani?"

"Mpaka jua lilipokuwa hapa." Akaonyesha kwa mkono, juu kidogo ya dirisha.

Nilitaka mama apige kelele, amtupe nje. Nilikuwa tayari kumsaidia. Yeye akamwambia kwa upole, "Ijumaa ijayo uje tena. Usipokuja nitashuka mwenyewe nikuulize haya pale barazani, mbele ya wateja wako."

Alikuja. Ikawa kila Ijumaa. Mama alimpikia vizuri, pilau, mchicha wa nazi, kuku siku nyingine, na mimi ndiye niliyebeba sinia. Lakini hakumpa chakula kwanza tena. Sinia liliwekwa mbele yake limefunikwa kawa, na ilimbidi asimulie toka mlio wa kilimani mpaka jua la dirishani. Akiruka kitu, mama anamrudisha. Alitaka kujua baba alivaa shati gani, mkono upi ulikuwa unasogea, kama alilia, kama nzi walikuwepo. Akimaliza, mama anafunua kawa na kusema, "Karibu." Mzee yule alikula tonge chache. Nilimwona akikonda kwa chakula chetu.

Ijumaa moja alijaribu kutupendeza. Alisema kwamba baba, karibu na mwisho, alimwita mke wake kwa jina.

"Jina gani?" mama akauliza.

Fundi hakulijua. Miaka yote hiyo alikuwa akimwita mama tu, kama kila mtu mtaani. Mama alilivuta sinia, akanikabidhi mimi. "Rudisha jikoni. Mzee leo hana njaa." Nilirudisha. Nilisimama jikoni nikimsikia akiomba msamaha, na nitaandika ukweli: nilichota kipande cha nyama nikala, nikaona kitamu.

Miezi ilipita. Barazani aliacha kutania watu. Wateja walinilalamikia kwamba fundi amekuwa mkali, anakosea zipu. Mimi nilimwamkia kama kawaida, "Shikamoo mzee," na kila mara alishtuka.

Kisha binti yake akaja kutoka Lindi kumchukua. Alikuwa mwanamke mdogo kwangu, mwalimu, mwenye sauti ya utulivu. Alinikuta kwenye ngazi nikitoka dukani.

"Dada, samahani," alisema. "Mzee wangu analia kila nikimpigia simu Alhamisi. Nikimuuliza, anasema kesho anakula kwenu. Mnamfanya nini?"

"Tunampa chakula."

"Nashukuru sana. Lakini baba yangu si mtu wa kulia. Alinilea peke yake tangu mama afe. Alikuwa anatembea kwa miguu kutwa nzima kuniletea ada ya shule. Ni mtu mwema sana, dada, labda hujui."

Ningeweza kumwambia amchukue baba yake salama. Mabegi yalikuwa yamefungwa na tiketi mbili zilikuwa mkononi mwake. Lakini alivyosema "baba yangu," kwa raha ile, kama kitu ambacho kila mtu amepewa, sikutaka aondoke nayo. Nilimkumbuka msichana wa miaka kumi amesimama Msimbazi akitazama wanaume. Nikamweleza. Nilimweleza polepole, pale ngazini, nikaanzia kwenye utambi nikamalizia na jua, sikuruka kitu, maana nilikuwa nimekisikia kisa chote zaidi ya mara thelathini. Akasema, "Unadanganya." Nikamwambia, "Kamuulize."

Aliingia chumbani kwa baba yake. Hakukaa hata robo saa. Alitoka na begi lake moja, akanipita bila kunitazama, na ile tiketi ya pili akaiacha juu ya meza ya kutengenezea zipu, chini ya mkasi. Fundi alibaki.

Nilipomwambia mama nilichofanya, nilitegemea anisifu.

"Yule alikuwa wangu," alisema. "Nani alikupa ruhusa ya kumgawa?"

"Mama, na mimi alikuwa baba yangu."

"Wewe ulitaka kumuumiza. Mimi nilitaka kusikia." Halafu akafikiri, maana mama hapendi kujidanganya, akaongeza, "Na kumuumiza pia. Lakini mtoto wake hakuwepo kule kilimani."

Ijumaa iliyofuata fundi alikuja bila kuitwa. Alikaa mkekani, akaanza, "Tulisikia mlio..." Mama akafunua kawa. "Kula," akamwambia. Hakumuuliza tena, Ijumaa ile wala nyingine. Walikula kimya, wazee wawili, mimi nikiwamwagia maji ya kunawa. Sidhani mama alimsamehe. Nilipomuuliza alisema yeye hakunyimwa maji, kwa hiyo hana cha kusamehe, aulizwe aliyenyimwa.

Fundi alikufa mwaka jana, chumbani kwake, baada ya homa ya siku tatu. Wanaume wa msikitini walimwosha wakamzika siku hiyohiyo. Hakuwa na ndugu Dar, na msiba lazima uwe na mahali pa kukaliwa, basi mama akaamuru mkeka utandikwe barazani. Alishuka zile ngazi akinishikilia, akakaa. Watu walikuja kutoka Msimbazi, kutoka Posta, mafundi, wauza vitambaa, wale waliocheka siku ya simu. Walimpa mama mkono wa pole wakidhani ni ndugu. Mmoja alimwambia marehemu alikuwa mtu mwema sana. Mama akaitikia, "Poleni wote," na akaendelea kupokea mikono mpaka alasiri.

Mimi nilimpigia simu binti yake. Nilipiga mara tano. Mara ya sita alipokea, nikajitambulisha, nikamwambia nina taarifa ya baba yake.

"Taarifa ya baba yangu ulishanipa," alisema, akakata.