Mawe Niliyoyaondoa Pwani

Kosa ni langu. Nalisema mwanzo kabisa, ili usije ukanionea huruma kabla hujasikia yote. Jina langu silitaji wala kijiji sikitaji, maana kule yupo mama mmoja anayeniombea dua mpaka leo, na dua zake ndizo zinazoniua.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Miaka michache baada ya mapinduzi nilivuka kwenda Unguja kumtembelea binamu yangu Salma, anayekaa Mlandege. Nilikuwa nimeolewa, mwaka haujatimia, na sijawahi kutoka kwetu kwenda nchi ya watu. Nilipewa kibali cha wiki moja. Siku mbili tatu za vichochoro na foleni ya mchele zikanichosha, nikamwambia Salma anipeleke shamba nikaone msitu na bahari.

Tukapanda gari la shamba alfajiri hadi upande wa kusini, kwa shangazi yake Salma. Hapa nitamwita Bi Mize. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na miezi michache nyuma alikuwa amemzika binti yake wa pekee, Mwanahawa. Mwanahawa alifariki akijifungua, yeye na kichanga chake. Mkunga wake alikuwa Bi Patima, wifi yake Bi Mize.

Bi Mize mwenyewe alitutembeza msituni. Tuliwaona kima punju wakiruka juu yetu, na nikajikwaa kwenye mawe mpaka akacheka. "Mwanangu, viatu hivyo vya harusini," akaniambia, akanishika mkono asiniachie tena.

Njiani akatusimulia habari za marehemu. "Watu wanasema Patima kaniulia mwanangu. Mie nnawambia wakome. Patima kafanya alivyoweza, siku ya Mwanahawa ilikuwa ishafika." Kisha akasema, kama anayezungumza peke yake, "Mwanangu kaniachia makumbi yake pwani, kayafukia kwa mkono wake. Yakishaiva ntasokota kamba niwambe kitanda changu, nilalie kazi yake."

Nikaitikia tu. Mimi makumbi ya nazi nayajua ya kusugulia masufuria. Sikuuliza yanafukiwaje, wala Salma hakuuliza. Naye ni mtu wa mjini vilevile.

Mchana Bi Mize akarudi nyumbani kupika, sisi tukateremka pwani. Maji yalikuwa yametoka mbali sana. Kulikuwa na dimbwi moja safi la kuogea, lakini kati yetu na dimbwi kulijaa mwani na wale wadudu wa baharini wenye miiba. Mimi na miguu yangu ya kimjini! Nikaona rundo la mawe mchangani.

"Mbona haya yamepangwa?" nikauliza.

"Watoto hao, wamecheza," akasema Salma.

Nikaanza kuyabeba. Nikayapanga moja moja juu ya mwani, nikajitengenezea daraja mpaka dimbwini. Chini ya mawe palikuwa na mchanga uliolegea na kitu cha rangi ya kahawia kimejitokeza. Nilikiona, nikadhani ni takataka.

Tulikaa majini muda mrefu. Mbali kidogo alipita mama mmoja na kijiti chake cha kuchokolea pweza, akatupungia mkono. "Bi Patima yule," Salma akaniambia. Yule mama akaenda zake, macho kwenye mashimo.

Maji yakaanza kujaa, na vitu vya kahawia vikaja vinaelea pembeni yetu. Vilikuwa vizito, vimelowa, vinanuka. Tukavichezea. Tulirushiana kama watoto, kimoja nikampiga nacho Salma kichwani, tukacheka mpaka tukashindwa kusimama.

Bi Mize akaja kutuita tule. Akasimama mchangani, akaangalia maji, kisha akaingia na nguo zake zote, anaokota na kutia kwenye kanga, anaokota na kutia kwenye kanga. "Makumbi ya mwanangu," alikuwa akisema. "Makumbi ya mwanangu haya."

Hapo ndipo nilipofahamu: mawe yale ndiyo yaliyoyazuia makumbi mchangani yasichukuliwe na maji. Mkononi nilikuwa nimeshika kimoja. Nikaanza kumsaidia kuokota, na mengi tayari yalishachukuliwa.

Akauliza huku anahema, "Nani kayaondoa mawe? Huku kwetu jiwe la makumbi haligusi mtu. Hata mwizi haligusi. Labda mwenye chuki na wewe."

Salma akanisogelea, akaninong'oneza, "Nyamaza. Wewe mgeni wa kibali. Wakikupeleka tawini kwa chama mie ntasema nini?"

Bi Mize akatugeukia. "Mmemuona mtu kupita hapa?"

Ulimi hauna mfupa. Nikasema, "Kapita mama mmoja, ana kijiti cha pweza."

Ilikuwa kweli tupu. Sikuongeza neno, sikupunguza. Na kwa kweli ile nilimzulia mtu uovu kuliko uongo wowote niliopata kuusema maishani mwangu.

Bi Mize aliacha kuokota, maji yamemfika kiunoni. Kisha akasema polepole, "Patima. Mwenye kijiti huku ni yeye. Basi waloyasema watu ni kweli." Nilimwona uso ukimbadilika alipokuwa akisema. Ningeweza kumjibu palepale.

Tulikuwa tunakula tuliposikia hodi. Alikuwa Bi Patima na bakuli la pweza mkononi. "Nawaletea wageni kitoweo, wifi yangu."

Bi Mize alimjibu kutoka mlangoni. "Rudi nacho. Mwanangu ushaniulia, na kazi ya mikono yake ushaitupa baharini. Mimi na wewe tutaonana mbele ya Mungu."

Bi Patima akabaki amesimama. Akamtazama wifi yake, akanitazama mimi, kama anayeomba nimfafanulie. Nikainamisha kichwa kwenye sahani yangu nikaendelea kula. Nilikula, wallahi. Ladha ya wali ule bado ninayo mdomoni.

Nikarudi Mombasa nikijiambia kwamba ugomvi wa mawifi hauna maisha, watapatana.

Salma alikuja kunitazama nilipojifungua mwanangu wa kwanza. Alisita sana kabla ya kunieleza. Bi Mize aliyatangaza kijijini, na baada ya siku ile hakuna nyumba iliyomwita Bi Patima kuzalisha. Wanawake walikuwa wakimkwepa hata kisimani. Akahamia kwa mwanawe Mkokotoni, na huko akafariki. Kabla ya kufa alituma mtu kwa wifi yake kuomba radhi, kwa kosa asilolijua. Bi Mize hakumpa. Hata maziko hakwenda.

Kisha Salma akafungua mkoba, akatoa kamba iliyosokotwa vizuri, imekunjwa duara. Ilitokana na yale makumbi machache tuliyoyaokoa. Kitanda haikutosha. "Kasema umpe mtoto, umfungie bembea ya kulalia. Kasema wewe ndiye uliyeingia majini kumsaidia, hakusahau, kila akisali anakuombea."

Sijamwambia Bi Mize ukweli mpaka leo. Najipa udhuru kwamba nikisema nitamtwisha mzigo wa radhi aliyomnyima wifi yake, na yule wa kumwomba msamaha yumo kaburini. Lakini nalijua la moyoni: namwogopa. Naogopa uso ule uliobadilika majini unigeukie mimi.

Kamba imo chini ya kitanda changu. Sijathubutu kuifunga bembea, sijathubutu kuitupa. Usiku mtoto akilia nainuka, na kabla sijamgusa nasikia harufu ya makumbi mabichi.

Wewe unayesafiri kwenda kuona nchi za watu, ukikuta jiwe juu ya jiwe, liache. Hujui nani kaliweka wala kwa nini. Na kama umeshaliondoa, ukaulizwa ni nani, sema ni mimi. Mimi nilishindwa, na sasa kuna mama anamchukia maiti asiye na hatia, na kila akisali ananitaja mimi kwa heri.