Kisigino cha Mama Makaa

Juzi, kwenye zahanati moja ya Laini Saba, hapa Kibera, jirani yangu muuza makaa aliingiza kisigino katika mashine mpya inayopima mifupa kwa mawimbi ya sauti.

"Mama, mifupa yako imekonda sana," nesi akamwambia. "Ukianguka kidogo tu, nyonga inavunjika. Usibebe mizigo."

"Sista, nisipobeba mimi, nani atabeba?"

Nesi akaipangusa mashine. "Nenda hospitali kubwa upigwe eksirei, wahakikishe."

"Wakihakikisha, dawa iko?"

"Ya kuwapa nyinyi, hakuna."

Mama akavaa kiatu polepole. "Basi si mngeniacha tu?"

Kipimo kimetufikia Kibera kabla ya dawa. Jirani yangu sasa hupita vichochoroni akishikilia kuta za mabati, akikagua kila hatua, na gunia bado liko kichwani.