Kufuli Anafungiwa Nje

"Yaani mimi mwenye kampuni nazuiwa na mashine niliyoinunua mwenyewe? Wewe Kufuli una akili timamu?"

Bosi kasimama kwenye mlango wa chumba cha seva, laptop kwapani, jasho linamtoka. Kufuli hata hakugeuka.

"Paswedi nilizifunga jana, bosi. Sasa kila mtu ana jina lake na faili lake la ufunguo, ndilo linalomfungulia mashine badala ya paswedi. Wewe uligoma kuchukua lako, haya ndiyo matunda yake."

"Na ile akaunti kubwa, ya kufanya kila kitu?"

"Haiingiliki tena. Wenye ruhusa ya kazi zake ni wawili tu, mimi na shemeji yako."

Mimi nilikuwa humohumo ndani, juu ya ngazi, nafunga nyaya.

Miaka yote kampuni hii ya mizigo iliishi na seva moja kuukuu na paswedi moja, hata mlinzi wa getini alikuwa anaijua. Ilipokuja mpya, inayotumia mfumo wa Linux, Kufuli akaapa ujinga ule umekwisha. Fundi alikuwa fundi kweli, ila roho yake! Mama wa mapokezi alibandika paswedi yake kwenye kioo cha kompyuta, Kufuli akaisoma kwa sauti ofisi nzima mpaka mama wa watu akaenda kulia chooni. Na siku karani wa stoo alipofukuzwa, Kufuli alimfungia akaunti kabla mwenyewe hajaambiwa. Karani anabonyeza, anabonyeza: "Kaka Kufuli, mbona mashine inanikataa?" Kufuli anacheka kashika mbavu. Akamgeukia shemeji wa bosi, ambaye Kufuli alikuwa anamfundisha kazi.

"Umeona, dogo? Mtu wa kutoka unamfunga kwanza. Kwaheri baadaye."

"Sawa, mwalimu."

Sasa bosi akapoa ghafla, na kule kupoa kukanitisha kuliko kelele.

"Shemeji anayajua yote haya?"

"Nimempika mwenyewe. Kaiva."

"Vizuri. Hebu nionyeshe wewe unavyoingia."

Kufuli akaandika jina lake, madaha tele. Ikakataa. Akaandika tena, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ikakataa. Faili la ufunguo akalitafuta, lipo palepale. Ndipo akamtazama shemeji wa bosi, aliyekuwa kasimama kando ya seva muda wote, na yule macho yako sakafuni.

"Dogo, umegusa akaunti yangu?"

"Asubuhi, mwalimu. Bosi alisema unatoka leo. Nikafanya ulivyonifundisha."

Mama wa mapokezi alikuwa ameshafika mlangoni. Sijui nani alimwita.

"Kaka Kufuli," akasema kwa sauti tamu, "mbona mashine inakukataa?"

Hakuna aliyemnyamazisha. Na mimi nilicheka, kwa nini niseme uongo.

Kufuli mikono ilibaki juu ya kibodi. "Bosi, mke wangu kajifungua juzi tu. Nitaanzia wapi?"

"Hongera," bosi akasema, anaangalia saa. "Shemeji, huo ufunguo wangu niwekee kesho. Leo nina haraka, kuna fundi ananisubiri nikachague vigae vya bafuni."

Akatoka anapiga mluzi.