Orodha Niliyoichana

Siku moja naikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, na laiti ningeweza kuisahau. Ilikuwa Bukavu, katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa mwalimu wa umri wa miaka ishirini na miwili, kaptula imepigwa pasi, soksi ndefu hadi magotini, najiona mtu wa maana. Shule yetu ilikuwa Nyalukemba, karibu na ziwa. Nilikuwa na watoto thelathini na wanne wa darasa la tano, na nilijua hata kila mmoja anacheka namna gani.

Juma lile alikuja Mzungu mmoja kutoka Ulaya, mtu mpole mwenye miwani, na sanduku la vipande vya mbao vilivyopakwa rangi, na saa ya kuhesabu sekunde. Alisema amekuja kupima akili za watoto. Usicheke. Alimwita mtoto mmoja mmoja, akamwonyesha mchoro, akamwambia aupange kwa zile mbao, na saa ikaanza kukimbia. Kiswahili alikijua kidogo tu, kwa hiyo mimi nilikaa pembeni kuwaeleza watoto. Kila mtoto alipewa alama, na alama hizo ndizo zingeamua nani ataendelea na masomo na nani atarudi shambani.

Katika watoto wale alikuwamo Bisimwa, mtoto wa mjane aliyelima mihogo upande wa juu wa mji. Nimefundisha miaka arobaini, mwanangu, na sijapata kuona kichwa kama kile. Siku moja nachora Ziwa Kivu ubaoni, akainua kidole: "Mwalimu, kama muto Ruzizi inakunywa maji ya ziwa kila siku, ju ya nini ziwa haiishe?" Nilimwambia anyamaze, maana sikuwa na jibu. Ndivyo na sisi tulivyokuwa tumefundishwa.

Mbele ya zile mbao Bisimwa alipanga mchoro wa kwanza upesi kuliko wote. Lakini kabla Mzungu hajainua macho kutoka kwenye karatasi yake, mtoto akauvunja, akaanza kuupanga upya, akitaka kuona kama iko njia ya pili. Saa haikujali. Alifanya hivyo kwa kila mchoro, na kila mara muda ulimwishia mbao zikiwa zimetawanyika. Niliona kwa macho yangu. Nilitaka kusema, kisha nikafikiri: huyu ni msomi wa vyuo vikubwa, mimi ni nani?

Ijumaa Mzungu aliniita. Nitamtendea haki: hakuwa mjinga wala mwongo. Alinieleza kwamba kipimo nacho lazima kipimwe, kwa sababu unaweza kudhani unapima akili, kumbe unapima wepesi wa mikono tu. "Deo," aliniambia, "weye iko na watoto hawa miaka mbili. Andika majina yao yote, yule wa akili zaidi juu, wa mwisho chini. Usitazame karatasi yangu. Kama orodha yako na yangu zinapatana, tesiti iko muzuri. Kama zinapingana, nitaitengeneza upya." Unaona, mwanangu? Aliniuliza mimi. Neno langu moja lingetosha.

Nikaandika orodha yangu, na juu kabisa nikaandika Bisimwa. Mzungu alikuwa amekwenda kula chakula cha mchana, ameacha karatasi zake juu ya meza yangu kwa kuniamini. Nikazitazama. Bisimwa alikuwa wa thelathini na moja.

Hofu iliyonishika ni vigumu kuwaeleza vijana wa leo. Niliona atasema mwalimu huyu mweusi hawajui hata watoto wake mwenyewe. Pia, niseme ukweli, nilitamani anichukue niwe msaidizi wake, nipande gari lake, nione miji. Na tena nililelewa kwamba mgeni mkubwa hapingwi. Nikaichana orodha yangu vipande vidogo vidogo. Nikaandika nyingine ya kufuata ile yake, nikigeuza jina hapa na jina pale ili isionekane nimeiga. Bisimwa nikampandisha hadi wa ishirini na tisa, nikajiona nimemfanyia wema.

Mzungu aliporudi alilinganisha orodha mbili kwa penseli, uso ukamng'aa, akasimama akanipa mkono. Mzungu kumpa mkono mwalimu mweusi, tena mbele ya dirisha, wapita njia wakiona! Nilifika nyumbani kichwa juu, nikamsimulia baba yangu yote, pamoja na ujanja wangu, nikidhani atacheka.

Baba alikuwa mwashi, mtu wa maneno machache. Aliweka kikombe chini, akaichukua rigle yake, ule ubao wa kunyooshea mstari. "Rigle ikipinda, inachora mustari ya kupinda," alisema. "Halafu unarudisha rigle ile juu ya mustari ile, unasema: tazama, vinapatana! Deo, nyumba ya namna ile itaangukia watu. Kesho asubui uende umwambie."

Sikwenda. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, nikasema Jumatatu. Jumatatu Mzungu alikuwa ameshaondoka kwenda Sange, na baada ya Sange Minova, akipima watoto wa watu kwa kipimo ambacho mimi nilikitolea ushahidi. Nilipopata moyo wa kumwendea mkuu wa shule, miezi ilikuwa imepita. Alinisikiliza, akafungua kabati, akanionyesha orodha yenye sahihi yangu. Akasema watu wawili walipima mbalimbali wakapata sawasawa, sasa nataka nini tena? Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakusema lolote juu ya kujikwaa kalamu, na mimi nakuambia hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

Mwisho wa mwaka majina yakabandikwa ukutani. Mama yake Bisimwa alinikuta mlangoni mwa darasa, matope ya shamba bado miguuni.

"Bwana mwalimu, ni kweli mutoto yangu hana akili?"

Nikamwambia karatasi ndivyo inavyosema.

"Kama ni Muzungu peke yake alisema, ningekatala. Ningesema, yeye hamujue mutoto yangu. Lakini weye ulimufundisha miaka mbili, na wanasema ni weye mwenyewe uliandika jina yake kule chini."

Aliniaga kwa heshima, akipiga goti kidogo, na lile goti linanichoma mpaka leo. Juma lililofuata Bisimwa alipelekwa kwenye mashamba ya kwinini, kubandua magome ya miti ya dawa ya malaria.

Ilipita miaka thelathini. Nilikutana naye nje ya kanisa baada ya misa, mtu mzima, mvi zimeanza, na binti mdogo ubavuni mwake mwenye macho yale yale ya kuuliza. Nikamwuliza mtoto yuko darasa la ngapi. "Hapana, mwalimu," alisema akitabasamu. "Sisi kwetu hatuna kichwa ya masomo. Weye unajua."

Hapo nililia, mwanangu, mzee mzima mbele ya watu. Nikamshika mikono yote miwili nikamwambia yote: mbao, karatasi mezani, orodha niliyoichana. Nikamwambia, "Ulikuwa wa kwanza, Bisimwa. Hakuna aliyekukaribia."

Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu ya mama yake. Kisha akanipapasa begani polepole. "Aksanti, papa mwalimu," alisema. "Weye iko na roho muzuri. Unataka kunifurahisha tu." Akamshika binti yake mkono, wakaenda zao.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilimfuata mara mbili nyumbani kwake kumwombea yule binti apelekwe shule, na mara zote mbili alinipa kiti, akanipa ndizi, akakataa.

Basi nasaha yangu ni hii, wewe ambaye leo umeshika kalamu na unapewa watoto wa watu uwapime. Usikiamini kipimo kwa sababu kimetoka mbali, wala kwa sababu aliyekileta ni mtu mwema. Ukiulizwa unachokijua, sema unachokijua, kabla hujatazama wenzako wameandika nini. Ushahidi wa kuiga si ushahidi. Ukiwa peke yako dhidi ya karatasi, baki peke yako. Na usijidanganye kwamba utarekebisha kesho. Mimi nilijaribu kurekebisha, na haikurekebishika, kwa maana mtoto akishaambiwa yeye ni nani na mtu anayempenda, huenda asisikie tena neno jingine.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe jicho la kuona na kinywa cha kusema kungali mapema, na watoto uliowapima, wakikutana nawe uzeeni, wasiwe na haja ya kukuhurumia.