Mama Mashuka na Kipande cha Mlima

Mama yetu hapigani na mtu, lakini sijawahi kumwona akishindwa ugomvi. Mtaani anaitwa Mama Mashuka kwa sababu alifua mashuka ya hospitali mpaka alipostaafu. Hata leo ukimtembelea ataikagua kwanza kola ya shati lako, ndipo akuulize habari za nyumbani.

Mwaka jana aliteleza bafuni, akalala pale sakafuni hadi jirani alipokuja kuomba chumvi. Hakuvunjika kitu. Aliyevunjika ni kaka yetu mkubwa, moyo. Kaka ni fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa vitendo. Kabla hatujakaa kikao alishamjengea mama chumba kwake, chenye mlango mpana na vyuma vya kushikilia bafuni. Kilichobaki ni kumhamisha na kutafuta mpangaji wa nyumba yake.

Mama alipelekwa kukiona chumba. Akavigusa vile vyuma kimoja kimoja.

"Kazi nzuri," alisema. "Atakayezeekea humu atafurahi."

Mimi ni kitindamimba. Nauza kwenye duka la dawa, na muda unaobaki napatanisha watu walionizidi umri. Safari hii nilinyoosha mikono. Kaka hakutaka kusikia, mama hakutaka kunyamaza, na mwisho mama akatoa ufunguo wa nyumba yake akauweka mezani.

"Kaa nao, mwanangu. Naenda kuizunguka ile milima kwa baiskeli, peke yangu, nirudi hapa kwa upande wa pili. Nikimaliza njia yote kwa magurudumu yangu, utanirudishia, na habari ya kuhama isitajwe tena. Nisipomaliza, nahamia kwako."

Kaka alicheka. Alidhani mama atarudi kabla chakula cha mchana hakijapoa. Mimi sikucheka, maana naijua ile baiskeli. Ni ya marehemu baba, nyeusi, nzito, haina gia, na mama aliiendesha kwenda kazini alfajiri miaka yote ya kutulea. Dirisha la chumba cha kufulia kule hospitali lilitazama milimani. Alikuwa akikamua mashuka huku akiiangalia milima ile, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaangalia nini.

Akaondoka. Kaka aliishi na simu mkononi, akiunguza vyuma vya watu kwa kukosa umakini. Kule juu mtandao ni wa kubahatisha. Kila baada ya siku kadhaa uliingia ujumbe wa neno moja: "Mzima."

Mengine alitusimulia baadaye. Alilala kwenye madarasa, kwenye zahanati, na kwa watu waliomfungulia mlango kwa sababu hawakujua la kufanya na mwanamke wa umri wake mwenye kofia ya mkonge na pampu. Kwenye milima mikali aliisukuma baiskeli. Raba za breki zilipoisha, hata miteremko akashuka akiisukuma. Mchungaji mmoja wa mbuzi alimfuata akimtania.

"Mama, kupanda unaisukuma, kushuka unaisukuma. Sasa inakusaidia nini?"

"Inanibebea mzigo na haiulizi maswali."

Kwenye duka la kijiji cha mbele alipata raba nyingine akazifunga mwenyewe.

Alirudi alasiri moja, matope hadi kwenye nyusi. Kaka alitoka karakanani mbio, miwani ya kuchomelea bado iko kwenye paji la uso. Alifurahi mno hata akasahau kwamba ameshindwa. Alimshika mabega, akamgeuza huku na huku akitafuta palipovunjika, kisha akatoa ufunguo mfukoni.

Mama hakunyoosha mkono.

"Nilipanda lori," alisema.

Ilikuwa mlima wa mwisho. Mvua ilinyesha, udongo ukajaa kwenye madigadi mpaka magurudumu yakagoma kuzunguka. Akaibeba baiskeli begani mpaka mikono ikakataa. Lori la mbao likasimama, dereva akamwambia aingie akaushe miguu mvua ipite. Akaingia kukausha miguu tu. Joto la injini likambembeleza, akalala, na dereva akaona huruma kumwamsha, akapakia baiskeli akaondoa gari. Alipofumbua macho walikuwa wameshavuka kilele.

"Mama," kaka alisema, "nani alikuona?"

"Mimi nilikuwepo."

Kaka akanitazama kana kwamba nina dawa ya hilo dukani. Sikuwa nayo.

"Kwa hiyo unahamia kwangu?"

"Nitalala kwako mpaka njia ikauke. Halafu mtanipeleka pale nilipopandia lori. Shuka likibaki na doa halitupwi, linarudishwa kwenye maji."

Basi akalala kwenye kile chumba. Hakulalamika hata mara moja, na hapo ndipo kaka alipopata taabu. Kila asubuhi alikuta kitanda kimetandikwa kwa pembe kali za hospitali, mama amekaa ukingoni, viatu miguuni, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Siku moja kaka aliniambia, "Anaonekana mgonjwa mle ndani. Na haumwi popote."

Njia ilipokauka tulifunga baiskeli nyuma ya gari lake la kazi. Mama alipatambua mahali penyewe kwa jiwe aliloliegemea. Mbele yake barabara ilipanda mkunjo juu ya mkunjo hadi kwenye ukungu. Nilitamani kulia, nikajishughulisha na kamba.

Kaka aliishusha baiskeli, akajaribu breki, akabonyeza matairi. Kisha akatoa ufunguo.

"Bado sijafika," mama alisema.

"Najua. Lakini utafika tukiwa kazini. Utafungua mlango na nini?"

Mama aliupokea, akaufunga kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwani, akakaza fundo kwa meno.

"Msinisubiri kwenye kona," alisema, akaanza kupanda.

Kaka aligeuza gari. Tulipofika kwenye kona ya kwanza nilimwomba apunguze mwendo kidogo, nimwone tu.

"Amesema tusimsubiri," alijibu, akijifuta uso kwa mkono wa shati, na hakukanyaga breki.